Kungumanga Atakiwa Kujikamata

Sehemu ya Nane

Waliokuwa nami juma lililopita wanajua nilipowaachia: nimekaa kitandani kwangu Paje, simu mbili mapajani, na kila moja inaniita kwa jina lake.

Kwa aliyechelewa nafupisha. Mie Fathiya, mkulima wa mwani. Ushirika wetu una wakulima wa Paje na wapika sabuni ya mwani wa mjini, na mambo yetu tunayaamua kwa kura za simu. Mwenyekiti hatuna. Kura zinaandikwa kwenye kitu ambacho Nadir, fundi wetu wa kompyuta, anakiita blokcheni: daftari moja ambalo nakala yake imo ndani ya simu ya kila mwanachama. Ukilichezea, utalichezea kwako tu, na wenzako mia na ushei watakuumbua.

Ndani ya daftari hilo hamna Fathiya. Kila mtu ana lakabu, ili mume, mkwe au mnunuzi wa mwani asijue nani kapiga kura gani. Na ili mtu asijipe lakabu kumi, tulipanga kukutana siku moja, saa moja, Paje na mjini, wanne wanne, tutazamane uso kwa uso, kila simu isome alama ya mwenzake. Mwili mmoja hauwezi kuwa pahala pawili kwa saa moja.

Tulichosahau ni saa yenyewe. Simu ziliandika 10:00. Karatasi iliyobandikwa ofisini Mkunazini iliandika "saa kumi". Sisi wa Paje tukafuata simu, tukakutana saa nne asubuhi. Wa mjini wakafuata karatasi, wakaja saa kumi jioni, na Nadir kwa huruma yake akawafungulia usajili upya.

Asubuhi simu yangu ilizima katikati ya shughuli, nikadhani nimekosa kuhesabiwa. Nikadandia gari la mwani, nikaipeleka kwa fundi Darajani, mjini, akaniazima nyingine. Jioni nikapanda ofisini Mkunazini na ile ya kuazima, nikatazamana na watu wa mjini, nikapewa jina: Kungumanga. Magharibi fundi akanirudishia simu yangu, na ile ya kuazima akaniachia kwanza. Ikawaka. Ikasema: Karibu, Chaza.

Mtu mmoja, kura mbili.

Nilikusudia kusema, wallahi. Siku ya kwanza nilikusudia. Siku ya pili nikasema acha nione kwanza inakuwaje.

Ndipo nilipopotea.

Chaza aliandika kwenye ukurasa wa mikutano: "Siku ya mwisho ya bamvua, maji yanapokupwa mno, tupumzike. Migongo yetu si chuma."

Saa nzima hakuna aliyejibu. Nikamwonea huruma Chaza, nikaishika simu ya pili.

"Namuunga mkono Chaza," akaandika Kungumanga. "Anayesema mgongo wake hauumi, aje nimkande nimwonyeshe ulipo."

Watu wakacheka. Wakaunga mkono watatu, wakafika tisa, wakafika arobaini. Hata haijaadhiniwa alasiri, tumeshapata siku ya mapumziko.

Nilicheka nikauma mto. Nilijiona kama mtu aliyekuta mlango wa pili ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ila nikaogopa wataona hawa wawili wanapendana mno. Nikaanza kuwagombanisha.

"Sabuni zetu tuzitie mchaichai," aliandika Chaza siku ya Jumatano.

"Mchaichai kila siku!" akajibu Kungumanga. "Tunakosha watu au tunapika chai? Tieni mdalasini, mteja akioga na jirani ajue."

"Kungumanga, punguza ukali," akasema Chaza.

"Na wewe punguza kulia," akasema Kungumanga.

Nikawa nagombana na nafsi yangu huku nimekaa jikoni nakuna nazi, simu moja kulia, moja kushoto, chicha zimenijaa vidoleni. Tui likanimwagikia mara mbili juma lile.

Nyumbani kwetu tunakaa watatu: mie, mume wangu Himid, na mama yake, Bi Mwanakheri. Bi Mwanakheri naye ni mwanachama; alilima mwani kabla mie sijaolewa. Kila baada ya chakula cha mchana huvaa miwani yake na kusoma ukurasa wa ushirika kwa sauti, kama anasoma gazeti.

"Mkwe," aliniita siku moja.

"Naam, mama."

"Umemsoma Kungumanga leo?"

"Nimemsoma."

"Huyo ndiye mwanamke! Ana ulimi, ana akili. Laiti Himid angeniolea mwanamke kama yule!"

Nilikuwa na maji mdomoni. Yalitokea puani.

"Na Chaza je, mama?" nikauliza nikijifuta.

"Chaza? Chaza hodari wa kunung'unika tu. Kama weye."

Niliingia chumbani, nikaufunga mlango, nikacheka mpaka machozi. Nilikuwa nimeonewa na nimesifiwa kwa pumzi moja, na yote mawili yalikuwa haki yangu.

Mambo yakazidi kunoga. Ushirika ukataka mkaguzi wa majina, mtu wa kuchunguza kama kuna aliyejiandikisha mara mbili. Mapendekezo yakaanza. La kwanza: Kungumanga. La pili: Kungumanga. La tatu, la nne, Kungumanga.

Nikaandika haraka: "Mimi sifai."

"Mnamwona?" mtu akajibu. "Hata hana tamaa ya cheo. Huyu huyu!"

Chaza akampinga. Akasema kwa heshima zote kwamba Kungumanga ni mkali mno kwa kazi ile. Akatukanwa na watu kumi na sita kwa wivu.

Nikachaguliwa. Nikawa mwizi niliyekabidhiwa kirungu cha mlinzi.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe, maana kucheka kote huko kulikuwa na mwisho.

Kuna hoteli iliyotaka kupewa maji yetu. Pale penye kina kifupi tunapochomeka vijiti na kufunga kamba za mwani, wao walipataka kwa ajili ya wageni wanaoteleza juu ya maji kwa ubao, wakivutwa na tiara. Miaka mitano. Vijiti ving'olewe, kamba zitolewe, sisi twende tukapande nje zaidi, kwenye maji ya shingo. Na wengi wetu, msione tunashinda baharini, kuogelea hatujui.

Mume wangu Himid alikuwa ameahidiwa kazi pale: nahodha wa boti ya kuwaokoa wageni wanaozidiwa na upepo. Walishampa na fulana nyekundu. Alikuwa akiivaa hata kwenda msikitini, mpaka imamu akamwuliza kama kuna mtu anazama.

"Fathiya," aliniambia siku ya kura tukinywa chai, "unalijua neno langu."

"Nalijua."

"Na kura yako?"

"Kura siri, Himid."

Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumdhanie hivyo. Alikuwa na hamu tu ya kuamka asubuhi akawa na pahala anapongojewa.

Bi Mwanakheri akaweka kikombe chini. "Nyumba hii yote tunakubali hoteli," akasema. "Mwanangu apate kazi. Kwisha."

"Inshallah, mama," nikasema.

Nikaenda uani nyuma ya kisima. Chaza akakataa. Nikavuta pumzi. Kungumanga akakataa.

Matokeo yalitoka adhuhuri: waliokataa sitini na wawili, waliokubali sitini.

Mngaliona Paje siku ile! Wanawake tulitoka mbio na kanga zetu mpaka majini. Vigelegele vilipigwa, watu wakarushiana mwani kama wanarushiana mawaridi. Badria, jirani yangu na mwenzangu wa kufunga kamba tangu tukiwa wasichana, alinibeba mgongoni akaanguka nami, tukainuka na chumvi midomoni.

"Tumeshinda kwa kura mbili tu, Fathiya!" alinipigia kelele sikioni. "Kura mbili!"

Nikacheza kuliko wote.

Jumamosi baada ya alasiri Nadir akatuita wote, wa Paje na wa mjini, kwenye banda letu la kukaushia mwani. Alifunga shuka jeupe ukutani, akawasha projekta, ukurasa wa ushirika ukatokea mkubwa kama dirisha. Nadir ni kijana mpole wa Malindi, lakini siku ile uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza ndimu.

"Nimekosa mie," alianza. "Siku ya kuhesabiana niliwafungulia watu mara mbili, asubuhi na jioni. Jana nimekaa nimehesabu. Wanachama wenye kadi, mia na ishirini na moja. Majina yaliyopiga kura, mia na ishirini na mbili."

Ikasikika karatasi ya tangazo ukutani ikipigwa na upepo.

"Kuna mmoja humu," akasema Nadir, "ni watu wawili."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, mkoba mapajani, na mkoba una simu mbili. Niliukumbatia kama mtoto mchanga.

"Atafutwe!" ikapigwa kelele nyuma.

"Mkaguzi tunaye," akasema Nadir. "Kungumanga, popote ulipo humu ndani, huna haja ya kujitokeza. Andika kwa simu. Unamshuku nani?"

Watu wote wakageukia shuka, wakingoja Kungumanga aseme.

Na mie nikageuka nao.

Hapo akasimama Bashira, mpika sabuni wa Mkunazini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuuzia sokoni. "Sina haja ya mkaguzi," akasema. "Yule Badria huniletea mwani kila mwezi, namjua kama nijuavyo sufuria zangu. Siku ile jioni nilimwona kwa macho yangu mlangoni pa ofisi, mjini."

"Na asubuhi alikuwa hapa Paje!" wakadakia wengine. "Tulihesabiwa naye!"

Badria akainuka. "Nilikwenda mjini na gari la mwani," akasema. "Nilikunywa chai chini. Juu sikupanda. Fathiya anajua, tulipanda gari moja."

Macho yakanigeukia. Mjini hakuna anayenijua; walionitazama siku ile walimtazama mgeni mmoja kati ya wageni wengi.

"Ni kweli," nikasema. "Hakupanda."

"Wewe shoga yake," akasema Bashira. "Utasema nini kingine?"

"Kanuni inasemaje?" akauliza mzee mmoja, Mzee Ubwa.

Nadir akajibu bila kumtazama Badria. "Anayejificha mpaka akagunduliwa, anatolewa ushirikani. Vijiti vyake vinang'olewa."

Badria hakulia kwa sauti. Alikaa chini, akaanza kuikunja ncha ya kanga yake, anaikunja, anaikunjua. Ana kamba mia mbili majini. Ana watoto wanne na mume aliyekwenda Oman akasahau njia ya kurudi.

"Kungumanga aseme!" watu wakaanza. "Kungumanga! Kungumanga!"

Bi Mwanakheri mwenyewe, kutoka mstari wa mbele, akapiga kelele: "Tunamtaka Kungumanga! Yule hana upendeleo!"

Nikatia mkono mkobani. Nikaandika bila kutazama, kidole kinateleza kwa jasho. Maneno yakatokea kwenye shuka, makubwa kama mabango:

"Badria hana kosa."

Minong'ono. "Umejuaje?" akaandika mtu. "Toa ushahidi!" akaandika mwingine.

Kungumanga akaandika: "Kwa sababu namjua wa pili."

"Nani?" banda zima likasema kwa mdomo mmoja.

Nikainuka. Nikatoa simu zote mbili, nikaziinua juu, moja kila mkono.

"Mimi," nikasema. "Kungumanga ni mimi."

Mnajua walifanyaje? Walicheka! Walicheka mpaka Mzee Ubwa akavua kofia.

"Kaa chini, Fathiya," mtu akasema. "Weye huna ulimi ule."

"Na Chaza pia ni mimi."

Wakazidi kucheka. "Chaza na Kungumanga? Hawapatani hao!"

Basi nikaandika kwa simu ya kulia, Chaza akasema kwenye shuka: "Mchaichai." Nikaandika kwa simu ya kushoto, Kungumanga akajibu: "Punguza kulia."

Kicheko kikakatika kama uzi.

Nikayasema yote. Simu iliyozima, fundi wa Darajani, simu ya kuazima, saa nne na saa kumi. Nikasema sikukusudia kuanza, ila kuendelea nilikusudia, maana kulikuwa kutamu. Nikasema kwamba Badria asiguswe, vijiti wang'oe vyangu.

Badria aliinuka akanijia. Kisha akasema, "Shetani mkubwa we! Siku ile nakubeba mgongoni na kura zako mbili, na wewe mzito!" Akacheka na kulia pamoja, na wanawake wa Paje wakaanza kucheka naye.

Bashira hakucheka. "Atolewe," akasema.

"Kajitaja mwenyewe," akasema Nadir. Nikaona mara ya kwanza siku ile ametabasamu kidogo. "Kanuni ya anayejitaja ni nyingine. Hatolewi. Jina la ziada linafutwa, kura zake zote mbili zinafutwa, na anapiga moja upya, sasa hivi, kwa jina lililobaki."

Akabonyeza. Kwenye shuka Kungumanga akapigwa mstari, akatoweka. Sitawaficha, nilihisi kama nimefiwa.

Kisha namba zikabadilika. Waliokataa, kutoka sitini na wawili, wakawa sitini.

Waliokubali: sitini.

Nilichelewa kuelewa. Wenzangu walielewa kabla yangu, maana banda zima lilikuwa limenigeukia.

Sitini kwa sitini. Imebaki kura moja, na kila aliyekuwamo alimjua mwenye nayo.

Ile siri yote iliyotengenezwa ili mke asimwogope mume, ilikuwa imeondoka. Mia na ishirini walikuwa bado wamejificha nyuma ya lakabu zao. Mimi peke yangu nilisimama kichwa wazi.

"Una dakika tatu," akasema Nadir. "Samahani, Bi Fathiya. Mashine ndiyo inayohesabu."

Himid alikuwa amesimama mlangoni na fulana yake nyekundu. Hakufoka. Laiti angefoka. Aliniambia taratibu, "Fathiya, unalijua neno langu."

Upande huu, Badria na wanawake wa kamba. Walinitazama, na miguu yao ina makovu ya miba ya bahari kama yangu.

Dakika mbili.

Ndipo Bi Mwanakheri alipoinuka kutoka mstari wa mbele. Watu wakampisha. Akaja mpaka nilipo, akanitazama juu mpaka chini kama ananiona siku ya posa.

"Weye ndiye Kungumanga?" akauliza.

"Ndiye mie, mama. Nisamehe."

"Na siku zote hizo nakusifu, weye unanitazama tu."

"Uliniambia nafanana na Chaza, mama."

Kitu kikacheza kwenye pembe ya mdomo wake. Nikajua atanipiga kofi, nikafumba macho.

Nilihisi kitambaa. Nikafumbua: alikuwa ameivua kanga yake ya juu, akanifunika nayo kichwa, mikono, simu na yote, akaingia na yeye humo ndani, tukawa wawili kwenye giza lenye harufu ya udi na mwani.

"Kura siri!" akapiga kelele kwa watu walio nje. "Atakayeifunua kanga hii ana ugomvi na mie!"

"Dakika moja!" sauti ya Nadir.

Mle ndani akanong'ona. "Mkwe."

"Naam."

"Bonyeza nilipobonyeza mie."

"Hoteli, mama? Ulisema nyumba nzima tunakubali hoteli."

"Nilisema kwa mdomo," akanong'ona Bi Mwanakheri. "Nimekwambia nilibonyeza nini?"

Nilitaka kumtazama usoni nijue ana maana gani, lakini kiganja chake kilikuwa kimeshaufunika mwanga wa simu. Kidole chake kigumu, cha mtu aliyefunga kamba miaka ishirini, kikashika dole gumba langu. Kikalivuta. Sikujua tunakwenda kulia, kwenye kukubali, au kushoto, kwenye kukataa. Nilijua tu kwamba sikulizuia.

Simu ikatetemeka. Kura imeingia.

Nje ya kanga, Himid akapiga ukelele wa mtu ambaye hajawahi kupiga ukelele maishani mwake, na banda zima likalipuka. Nami nikawa nahangaika kujitoa kwenye ile kanga, na mama mkwe ameishikilia kwa nguvu, anacheka, hataki kuniachia.